Boma la maganda ya mayai

Katika vita yangu na konokono wanaokula mboga bustanini, mimi nilianza na maganda ya mayai, kama wengi. Niliyakusanya wiki kadhaa, nikayakausha, nikayaponda, kisha nikaizungushia miche yangu ya saladi kama mtu anayejenga boma. Asubuhi nikakuta michirizi ya ute unaong'aa imepita juu ya boma lenyewe, na miche imebaki vijiti.

Nazungumzia konokono uchi, yule asiye na gamba, ambaye wengine humwita koa. Nilidhani kosa ni langu, labda sikuponda vizuri. Kumbe mwaka 2018 chama kikubwa cha wakulima wa bustani cha Uingereza, RHS, kilitoa matokeo ya jaribio la saladi 108. Walijaribu maganda ya mayai, changarawe, utepe wa shaba, magome ya msonobari na vidonge vya sufu. Mimea iliyozungushiwa ililiwa karibu sawa na ile iliyoachwa wazi. Konokono hutandaza ute wake na kuteleza juu yake, hata kwenye makali ya wembe anapita salama.

Kwa hiyo nimeacha kujenga kuta. Maoni yangu ni kwamba vita hii ni ya maji. Mwili wa konokono uchi ni maji kwa sehemu kubwa, na hana nyumba ya kujifungia jua likiwaka, ndiyo maana mchana hujificha na usiku hutoka. Ukimwagilia jioni, umemtandikia mkeka hadi mlangoni kwa mboga. Nilipohamishia kumwagilia asubuhi, tena kwenye shina tu, matundu kwenye majani yalipungua kabla sijafanya kitu kingine chochote.

Jambo la pili halina ujanja: tochi na ndoo. Giza likishaingia vizuri, hasa baada ya mvua, unatoka na kuwaokota. Vaa glavu, maana wengine hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu, na kwa sababu hiyo hiyo mboga za majani zioshwe vizuri. Kama usingizi una nguvu kuliko hasira, laza kipande cha ubao kwenye udongo wenye unyevu. Asubuhi kigeuze, utawakuta wamejipanga chini yake. Tazama pia kama kuna vishada vya mayai madogo meupe, kama lulu. Kila konokono uchi ana jinsia zote mbili, kwa hiyo yeyote unayemwacha anaweza kutaga.

Mtego wa bia? Unafanya kazi, kwa kuwa harufu ya hamira huwavuta, lakini hunasa wachache kuliko sifa zake. Ukiutega, acha ukingo wa kikombe uinuke sentimita 2 hivi juu ya udongo, la sivyo utazamisha mbawakawa ambao ndio wawindaji wa konokono. Chumvi usiniambie. Inamuua, ndiyo, na udongo wako unaharibika pamoja naye.

Bata ni askari wazuri, ila wasiachiwe kwenye miche michanga. Kuku nao watakuchimbulia kitalu chote wakitafuta mdudu mmoja. Chura anafaa kuliko wote wawili, na anachotaka ni kidimbwi kidogo na kivuli. Nikizidiwa kabisa, hutumia chembechembe za sumu ya konokono za fosfeti ya chuma, zinazokubalika katika kilimo hai, na hata hizo kwa uchache. Zile za metaldehaidi, sumu nyingine ya konokono, sizigusi. Zinaua mbwa, na Uingereza ilizipiga marufuku kutumiwa nje mwaka 2022.

Kuna mmoja mnene anayeishi kwenye rundo langu la mboji, anakula majani yaliyooza. Huyo simwokoti. Ndiye anayenisaidia kuyageuza kuwa udongo, na mpaka leo sijamkuta kwenye saladi.