Kitenge sio kanga jamani
Hivi nyie wauza nguo wa mtandaoni nani kawaambia kila kitambaa chenye rangi kali ni kanga?? Nimeagiza doti ya kanga nimpelekee wifi yangu kajifungua, bodaboda kaniletea kitenge, hakina pindo wala jina, yaani yale maneno yake, nauliza naambiwa "dada si kilekile tu". Kilekile wapi! Kanga ina pindo pande zote nne, mji, yaani ile sehemu ya katikati yenye mchoro, na maneno yake pale chini, halafu zinakuja mbili pamoja unakata mwenyewe unapinda, kitenge hakisemi kitu. Na inasemekana imeitwa hivyo kwa yule ndege kanga sababu za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama yake. Mombasa wao wanaita leso, hiyo imetoka kwa Wareno, lenço, kitambaa cha mkono, maana karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa vikiwa havijakatwa wakaunga sita wakapata nguo moja. Sasa wewe unauza na hujui unachouza, hela hutaki kurudisha, eti nibadilishe nichukue kitenge kingine! Wifi atanisema mpaka arobaini ya mtoto.