Mgao umekwisha, lakini jenereta isiuzwe

Tangu mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere ikamilike, yenye megawati 2,115 kwa jumla, wenye vyumba vya seva (kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao) Dar es Salaam wana hoja mpya: mgao wa umeme umekwisha, tufunge betri za lithiamu za saa nne na jenereta tuiondoe.

Hoja hiyo ina uzito. Dizeli ni ghali na huibwa, na majirani wa Upanga wamechoka na moshi na kelele. Betri za risasi na asidi nazo zimewaumiza wengi, maana zikikaa kwenye nyuzi joto 35 badala ya 25 umri wake hupungua karibu nusu. Kwa mnara wa simu unaokula kilowati 2, lithiamu inatosha kabisa: betri tano za volti 48 na Ah (ampea-saa) 100 zinaubeba kama saa tisa na bado zinabaki na akiba.

Kosa ni kuihamishia hesabu ya mnara kwenye chumba cha seva.

Kinachosahaulika ni kiyoyozi. Mara nyingi UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshika mzigo umeme ukikatika, hubeba seva tu. Umeme ukikatika, seva zinaendelea na kompresa zinasimama. Chukua chumba cha mita za mraba 60, kimo mita 3, chenye seva za kilowati 40. Umeme huo wote unaishia kuwa joto. Ingekuwa hewa peke yake inayolipokea, ingepanda nyuzi 10 kwa muda usiofika dakika moja. Kuta na vyuma vya raki hunyonya sehemu yake, kwa hiyo unapata dakika kadhaa, lakini saa nne huzipati. Seva zitajizima kwa joto huku betri zikiwa bado zimejaa. Kufungua mlango mwezi Februari, nje nyuzi 32 na unyevu tele, hakuokoi kitu.

Basi ongeza kilowati 20 za viyoyozi. Saa nne kwa kilowati 60 zinakuwa uniti 240, na ukitaka kubakiza asilimia 20 unanunua betri za uniti 300. Kwa siku nzima unahitaji uniti 1,440 kabla ya akiba. Jenereta kwa mzigo huohuo inakunywa lita 18 hadi 20 kwa saa; saa 24 hazimalizi mapipa mawili na nusu, na pipa jingine huletwa kwa gari.

Halafu megawati za ziada hazizuii transfoma kuungua, nguzo kuanguka kwa mvua, au kijiko cha mkandarasi wa barabara kukata kebo ya chini. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ilizimika karibu nchi nzima, na mtambo wa kwanza wa bwawa ulikuwa umeshaanza kuzalisha tangu Februari.

Wanaosema jenereta haiaminiki wameona kweli ikigoma. Ila chunguza iligomea wapi: betri ya stata imekufa kwa sababu chaja yake ilichomolewa, fundi alimaliza sevisi akaacha swichi kwenye mkono badala ya oto, tangi lililoachwa nusu likakusanya maji ya unyevu, filta ikaziba. Kuna na lile la kuiwasha kila wiki bila mzigo. Injini haipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua inaganda kwenye ekzosi, na siku ya kazi nguvu haipo. Ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, ikibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake, kwa kuzima umeme wa TANESCO kwenye swichi kuu ili swichi ya kubadilisha umeme nayo ipimwe. Maji yatolewe chini ya tangi kabla ya kuwasha.

Kwa chumba hiki, ukihesabu na kuchaji betri, jenereta ya kVA 125 (kipimo cha uwezo wake) inatosha. Lithiamu ibaki, lakini kwa dakika 15, na feni za viyoyozi ziunganishwe kwenye UPS ili hewa izunguke hadi kompresa zirudi, moja baada ya nyingine, zisiwake zote kwa mpigo.