Ubia wa Choo Chetu

Juzi mvua imeanza saa nane za usiku. Sijamaliza kutega ndoo pale bati linapovuja, pua ikanipa taarifa: jirani keshafungua. Watu wa Dar mnanielewa. Wengine mvua wanaiombea mahindi, jirani yangu anaiombea choo. Anazibua tundu la shimo, anatapisha, mafuriko yanabeba. Asubuhi unamkuta shati limenyooshwa, unamwamkia, anaitikia marahaba kama sheikh.

Basi nikawa navuka njia kwa kurukia matofali, redio ya mama chapati inasema majitaka ni fursa, sekta binafsi iingie ubia na serikali kujenga mitambo ya kuyasafisha. Fursa! Wakati huo fursa yenyewe imeshaingia kiatu cha kushoto.

Kijiweni yupo kijana ambaye bando lake haliishi, kwa hiyo anajua kila kitu. Akatusomea habari za New Cairo, kule Misri. Mwaka 2009 serikali ilisaini mkataba wa miaka 20 na kampuni binafsi: jengeni mtambo wa mita za ujazo 250,000 kwa siku, mkopo tafuteni wenyewe, endesheni, sisi tutawalipa kidogo kidogo.

Fundi baiskeli akauliza, "Kwa hiyo mavi yanakopesheka?"

Yanakopesheka, ndugu yangu. Mimi benki walininyima mkopo wa bodaboda, eti sina dhamana. Kumbe dhamana ninayo nyuma ya nyumba miaka yote!

Mzee mmoja akaguna. Yeye anakumbuka 2003, maji ya jiji hili walipokabidhiwa wageni kwa mkataba wa miaka 10, ndoa ikavunjika 2005. Kijana akamrukia na Tanga: mamlaka ya maji kule 2024 iliuza hatifungani, yaani ilikopa hela kwa watu kwa karatasi ya ahadi ya kuwarudishia na riba, ya shilingi bilioni 53.12 na wanunuzi wakajaa. Sawa, lakini ile ni ya maji safi. Maji safi yana mita, yana bili. Hili shimo letu lina mita gani? Mwenye hela anataka kwanza ajue hela yake itarudi kwa njia gani.

Nikasema ngoja tuanze sisi. Nyumba yetu vyumba 8, choo kimoja, kimefurika. Mwenye nyumba ndiye serikali: akaahidi mazingira wezeshi, yaani atafungua geti. Sisi wapangaji, sekta binafsi, elfu 15 kila chumba, tuite gari la kunyonya.

Weee! Chumba cha kwanza anasema yeye hujisaidia kazini. Cha pili ni bachela, halipi sawa na chumba cha nne wenye watu saba. Haya, tuhesabu vichwa. Mama wa chumba cha nne akauliza, mtoto wa poti naye kichwa? Tukabishana saa nzima. Poti inamwagwa wapi? Chooni. Basi nusu kichwa. Nikaandika hivyohivyo nyuma ya kalenda, ndiyo mkataba wetu.

Gari likaja, likakwama mdomoni mwa uchochoro. Mpira haufiki. Dereva akasema mpira wa kuunga una bei yake. Nani alipe? Kijana wa bando akaeleza kwamba huo ni mgawanyo wa vihatarishi, yaani likiharibika jambo nani abebe hasara, huandikwa mapema. Nikatazama kalenda: kuna nusu kichwa tu, mpira haumo. Mwenye nyumba simu imezimwa. Ila geti alifungua, tusimsingizie.

Tukaongeza hela ya mpira kwa kukata ile ya mafuta, dereva naye akakata kazi. Amenyonya nusu, akaondoka akisema anakwenda kumwaga mabwawa ya Vingunguti. Mpira ulipochomolewa ukatema kwenye ndala za bachela. Sasa anadai fidia, na anataka ihesabiwe kwa vichwa.

Jana jioni hodi. Jirani, na shati lake lilelile lililonyooka.

"Nasikia mmebakiza nusu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi naona mvua ya kesho itakuwa kubwa. Mnaonaje tuchimbe mtaro mmoja wa kutokea, tugawane gharama?"

Nimemwambia nitampa jibu. Radi imeshaanza upande wa Pugu.