Integrini na ile miezi 26.3

Jioni moja pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kijana anayesomea udaktari aliniambia kuwa mambo ya integrini, vile vipokezi vinavyoshikiza seli, yameshakwisha: dawa ilijaribiwa, ikashindwa. Hoja yake ina uzito. Silengitidi, dawa ya Merck ya Ujerumani ya kuziba vipokezi hivi ili uvimbe usiote mishipa mipya ya damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 545 wa glioblastoma, saratani ya ubongo. Wote walipata mionzi na temozolomidi, dawa ya saratani, ila nusu yao tu ndio walioongezewa silengitidi. Majibu kamili yakachapishwa mwaka 2014. Muda wa kati (median) wa kuishi kwa walioipata, miezi 26.3. Kwa wasioipata, miezi 26.3.

Namba hiyo nimeigeuza kila upande. Wengi wanaisoma kwamba kipokezi hakina kazi. Sasa mbona mwaka 1994 kingamwili dhidi ya alfa-v beta-3, aina mojawapo ya integrini, ilizuia mishipa mipya kwenye utando wa yai la kuku, ile ya zamani ikabaki salama? Na mbona mwaka 2002 panya waliozaliwa bila beta-3 wala beta-5, vipande vya integrini, waliota uvimbe mkubwa zaidi, wenye mishipa mingi zaidi? Kitu kisicho na kazi hakiachi pengo la namna hiyo.

Mbele yetu mvuvi alikuwa akisukuma mtumbwi kwa upondo. Alipofika, akauchomeka ule ule upondo matopeni, mtumbwi ukatulia. Integrini ndivyo ilivyo: seli ya mshipa huitumia kujivuta mbele, na pengine hiyo hiyo ndiyo breki.

Halafu kuna dozi, ambayo wazikaji wa integrini huipita haraka. Mwaka 2009 ilionekana kwa panya kuwa dawa za kuziba integrini, zikiwa kidogo sana, huchochea mishipa badala ya kuizuia. Silengitidi ilitolewa kwa dripu mara mbili kwa wiki, na nusu yake hutoka mwilini ndani ya saa chache. Siku zilizobaki mgonjwa alikuwa na nini kwenye damu? Masalia. Kwa wagonjwa hilo halijathibitishwa, ni shaka yangu, lakini linanikosesha raha.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada ya kutolifunga faili. Kaposi, inayoonekana sana kwetu, ni saratani ya seli za ukuta wa mishipa, na kirusi chake huingia kwa kushika integrini, alfa-3 beta-1.

Kijana akaniuliza kama ningempa mgonjwa wangu silengitidi leo. Nikamwambia hapana, si kwa ratiba ile.