Miwani ya Mjamaika

Mjukuu wangu ndiye aliyeniandikisha. "Babu, utahesabu magari dirishani mpaka lini? Jumanne wazee wanaenda Annapolis."

Nilikuwa na mwezi mzima kwa mwanangu huko Maryland, Marekani, na safari za basi na wazee wenzangu sikuzitaka. Wote tunataka choo kwa wakati mmoja. Lakini kijana ananijua. Akanambia jengo la serikali la Annapolis lilianza kujengwa 1772, na juu yake lina kuba kubwa la mbao ambalo halikupigiwa msumari. Limeshikwa kwa vigingi vya mti na mikanda ya chuma. Mimi nimekula mkate wa useremala Tanga miaka 40. Nikauliza basi linaondoka saa ngapi.

Kitini nilikaa na mzee wa Kijamaika, dereva wa treni mstaafu. Kiingereza chake sikukielewa, na changu hakukielewa, kwa hiyo tukapatana sana.

Mlangoni pa jengo kuna mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege. Mkwe wangu alinifundisha siku nakuja: baba, ukiona mashine, vua. Basi nikavua: kofia, saa, mkanda, viatu, na miwani juu yake. Askari akanambia kwa upole kwamba viatu havikuhitajika. Miwani hakuitaja, na haki yake, nani huvua miwani? Upande wa pili wenzangu walishatangulia. Nikachomeka miguu viatuni, mkanda nikautia mfukoni, suruali nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikanyakua miwani ya kwanza iliyokuja mkononi.

Dunia ikavimba. Vidole vyangu vilikuwa kama ndizi mzuzu, na kila kilichokuwa mbali kimeingia ukungu. Nikadhani ndiyo presha.

Tukaingizwa katika chumba ambamo George Washington, jemadari wa vita vya uhuru wa Marekani, tarehe 23 Desemba 1783, alirudisha ujemadari wake kwa Kongresi akaenda zake shambani. Kuna wajemadari wengi duniani ningependa waletwe pale kwa basi. Pembeni nikaona Mzungu mrefu kasimama peke yake, koti refu, katulia. Nikamsogelea nikamuuliza choo kiko wapi. Kimya. Nikarudia polepole. Kimya. Mara ya tatu nilipaza sauti, bibi mmoja akanivuta shati: "Huyo ni Washington. Ni wa shaba."

Nikaweka nadhiri palepale: hapa asiyecheza ni shaba, simsemeshi.

Tukafika chini ya kuba. Nimevuka bahari kwa ajili yake, nainua kichwa, naona yai kubwa la maziwa. Mwongozaji anaeleza habari za Thomas Dance, fundi lipu, aliyeanguka kutoka humo mwaka 1793 akafa. Fundi mwenzangu, maskini! Shingo imenipinda, kizunguzungu kikanishika, nikarudi nyuma hatua mbili na kuegemea sanamu lililokuwa ukutani. Sanamu zuri, pana. Mkono wa fundi haustaafu: nikaligonga kifuani kwa kiungo cha kidole, ko, ko, kama ninavyopima mvule, nisikie kama ni la mbao au la shaba.

Likaniuliza, "Mzee, uko salama?"

Alikuwa askari. Nami polisi wa Marekani nawajua kwa filamu tu, na katika filamu mtu huinua mikono. Nikainua yote miwili.

Suruali ikashuka mpaka viatuni.

Namshukuru Mungu nilikuwa na bukta. Ilikuwa ya Yanga, kijani na manjano, kwa hiyo jiji zima sasa linajua timu yangu. Askari yule, Mungu ambariki, ndiye aliyeiinua suruali na kunifunga mkanda kama mtoto wa chekechea. Bibi wa Washington alipiga makofi.

Siri ilifichuka mezani. Waliniletea kaa wa mvuke na nyundo ndogo ya mbao ya kumpasulia. Mimi namwona kaa sawa na kobe, naomba kisu cha mchinjaji. Mbele yangu Mjamaika kaishika orodha ya vyakula, anaisogeza, anaisukuma, analalamika wameichapa kwa moshi. Tukatazamana. Akaivua. Nikaivua.

Na lile kuba? Mwongozaji akaniambia mbao zenyewe zimefunikwa kwa lipu. Huoni hata kigingi.

Mwisho tulishuka gatini. Hapo ndipo meli ya Lord Ligonier ilipotia nanga mwaka 1767 ikiwa na Waafrika waliotekwa, na mwandishi Alex Haley aliandika kwamba babu yake wa vizazi vingi nyuma, Kunta Kinte, alikuwa mmoja wao. Basi zima lilinyamaza. Pale kando ya maji amekaa mtu mweusi, kitabu mkononi, watoto watatu wamemzunguka wanamsikiliza. Miwani sasa ni yangu na naona vizuri, lakini nimeshaumwa na nyoka. Nikakunja kidole, nikainama.

Mjamaika akanidaka mkono. "Mwache asome," akasema, na hicho Kiingereza nilikielewa.