Kabla hatujaikataa kodi ya mauzo ya Jiji la Mbeya

Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kabwe alileta hoja tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka lake. Kwa nini Jiji la Mbeya lisiruhusiwe kutoza asilimia moja ya mauzo, fedha ibaki hapa hapa kwa ajili ya taka, mitaro na taa za barabarani, halafu ushuru wa kila siku wa sokoni ufutwe? Hakuachiwa amalizie. "Kodi nyingine tena, kaka?" Nami nilikuwa kati ya waliomrukia. Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile na naona hatukumtendea haki: tulisikia kodi mpya, hatukusikia ushuru kufutwa.

Wanaopinga wana pa kusimama. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 ipo. Ushuru wa huduma wa halmashauri upo. Julai 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu, watu wakapiga kelele hadi zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ile ile, na mwaka huo huo kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Mtu aliyepitia hayo yote mwaka mmoja ana haki ya kushtuka akisikia neno kodi. Tena Mbeya tuna kumbukumbu zetu. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, jipya likajengwa kwa mkopo wa benki, na mfanyabiashara anayekuuliza "fedha zetu zinakwenda wapi?" si mkorofi. Anauliza swali ambalo diwani wake anapaswa kuwa na jibu lake mfukoni.

Lakini twende sokoni kwanza.

Asubuhi moja nilisimama kwa mama anayeuza nyanya na vitunguu kando ya barabara, karibu na Mwanjelwa. Ndoo mbili za nyanya, mafungu ya vitunguu juu ya kiroba, mwavuli uliochanika upande mmoja. Akaja kijana wa ushuru na mashine yake mkononi. "Shikamoo mama. Ya leo." Mama akamwambia, "Mwanangu, hata fungu moja sijauza." Kijana akajibu kwa upole kwamba na yeye ametumwa. Ikatoka risiti ya shilingi 500, mama akafungua fundo la kitenge akalipa. Ilikuwa haijafika saa tatu.

Siku nzuri mama huyu huuza kama shilingi 15,000. Hiyo 500 ni zaidi ya asilimia 3 ya mauzo yake. Siku ya mvua, na sisi wa Mbeya tunajua mvua ya Machi inavyokaa, akiuza 6,000, shilingi 500 inakuwa zaidi ya asilimia 8. Hayo ni mauzo, si faida. Nyanya zenyewe alizinunua, na akazilipia nauli na mbebaji. Sasa rudi Kabwe. Duka la rafiki yangu likiuza milioni 2 kwa siku ya bati na saruji, ushuru wake wa huduma haufiki hata nusu ya asilimia moja. Analipa leseni na kodi nyingine, kweli, na simlaumu, maana mwenye hoja ni yeye. Ila kwa kipimo cha mauzo, mwenye ndoo mbili anailipa halmashauri yetu mara nyingi zaidi ya mwenye lori la saruji. Kwa asilimia moja, duka lingetoa shilingi 20,000 siku hiyo, na mama angetoa 150. Siku ya mvua, 60. Na asipouza, halipi.

Hapo ndipo tulipokosea pale kwenye benchi. Tulibishana kana kwamba kodi ya mauzo haipo. Mama wa nyanya anailipa kila asubuhi, tena anailipa kabla ya kuuza.

Wala si jambo geni. Kodi ya mauzo ilikuwepo nchini hadi VAT ilipochukua nafasi yake Julai 1998. Ubaya unaojulikana wa kodi za namna hii ni kurundikana: bati linatozwa kwa muuzaji wa jumla, linatozwa tena kwa rejareja, na mjenzi anabeba yote. Kwa hiyo itozwe mara moja tu, kwa mnunuzi wa mwisho, kama inavyofanyika katika miji ya Marekani.

Huko Marekani pia kuna onyo. Chicago kodi hiyo kwa jumla inapita asilimia 10, na ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Indiana, ni 7, kwa hiyo wapo wanaovuka kwenda kununua vitu vikubwa. Sisi Indiana yetu ni Mbalizi. Iko nje ya Jiji, daladala kutoka Mwanjelwa zinakwenda siku nzima, na mtu wa Iyunga, ndani ya Jiji, ananunua bati huko bila shida. Kwa asilimia moja sidhani wengi wataondoka, maana kwenye bati la 30,000 ni shilingi 300, nauli inaila. Ikipandishwa hadi tatu au nne, maduka ya Iyunga yataumia kweli.

Ugumu unaonisumbua zaidi ni risiti. Duka linalotoa risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, litatozwa, lile linalouliza "nikupe na risiti au bila?" litapona na kuuza kwa bei ya chini. Na Jiji haliwezi kujiamulia. Bunge ndilo lenye mamlaka ya kuanzisha kodi, na hata sheria ndogo za halmashauri hupita kwa waziri. Safari ni ndefu, na njiani ni rahisi asilimia moja ikapitishwa, ushuru wa asubuhi ukabaki palepale.

Likija pendekezo la namna hiyo, lenye kodi mpya huku kijana wa mashine bado anapita kwa mama wa nyanya, mimi mwenyewe nitasimama kwenye mkutano wa mtaa kulipinga. Likija lenye mambo yote mawili, yanayoanza siku moja, na mapato yakibandikwa kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kata, nitaliunga mkono, na nitarudi Kabwe kumwomba radhi rafiki yangu.