Na rais asipokuwepo, je?

Jumapili ya Mei 15, 2022 nilikuwa nyumbani kwa mama. Runinga ilikuwa imewashwa tangu asubuhi na sote tulikuwa tunasubiri jina moja kutoka Karen, Nairobi: jina la mgombea mwenza wa William Ruto, aliyekuwa akiwania urais. Wabunge wa Mlima Kenya walikuwa wamejifungia huko kwa saa nyingi wakivutana. Hatimaye Ruto akajitokeza na kumtaja Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira aliyekuwa akimalizia muhula wake wa kwanza bungeni. Hapo hapo wachambuzi wakaanza hesabu: Nyeri ina wapiga kura wangapi, Kiambu watasemaje, Meru na Tharaka Nithi watanuna ama watavumilia. Mama alikuwa anakatakata sukuma wiki, sinia mapajani. Alisikiliza kama nusu saa hivi, kisha akaweka kisu chini.

"Na rais akifa, huyu ndiye atatutawala?"

Nikamwambia ndiye.

"Mbona basi hakuna anayemuulizia hilo?"

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo, na kadiri uchaguzi wa Agosti 10, 2027 unavyokaribia ndivyo linavyozidi kunisumbua. Majina ya wagombea wenza yameanza kutupwa huku na huku, na kila linapotajwa jina, la kwanza kusemwa ni kwamba mtu huyo ataleta kura za wapi.

Katiba ya 2010 haikumweka mgombea mwenza pale kama pambo. Kifungu cha 148 kinamtaka kila mgombea urais ateue mtu anayestahili yeye mwenyewe kugombea urais. Hatumpigii kura yake peke yake. Anaingia na mwenzake. Na kifungu cha 146 kinasema kiti cha rais kikibaki wazi, naibu anakichukua kwa muda wote uliosalia. Hakuna uchaguzi mwingine. Rais akifariki mwezi wa pili baada ya kuapishwa, yule aliyechaguliwa kwa ajili ya kura za kwao atatuongoza karibu miaka mitano.

Sisi Wakenya ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuliogopa jambo hili. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na Daniel arap Moi, makamu wake, akachukua hatamu. Miaka miwili kabla yake kulikuwa na wanasiasa waliotaka katiba ibadilishwe ili makamu asirithi kiti, kwa kuwa walijua vyema maana ya nafasi ile. Walishindwa, na Moi akakaa miaka 24. Mama alikuwa msichana mwaka ule. Ndiyo maana akitazama jukwaa la kampeni, macho yake humwendea yule aliyesimama pembeni.

Basi turudi Karen. Iliripotiwa sana wakati huo kwamba wengi wa wabunge waliokutana pale walimtaka Kithure Kindiki, aliyekuwa seneta wa Tharaka Nithi. Ruto akamchukua Gachagua, mtu ambaye wakati huo alikuwa na kesi ya ufisadi mahakamani. Yeye alikana mashtaka, na kesi ikaondolewa Novemba 2022, wakati tayari ni naibu wa rais. Mimi simhukumu kwa kesi isiyoamuliwa. Ninachouliza ni kwa nini jambo zito namna ile lilipewa uzito mdogo kuliko uwezo wake wa kuamsha Mlima.

Na Mlima aliuamsha. Tatizo ni kwamba mtu ukimchukua kwa sababu ya kura za kwao, atakuja kuzidai. Gachagua alipoingia serikalini aliifananisha na kampuni yenye hisa, kwamba waliopiga kura nyingi ndio wenye hisa nyingi. Wengi walikasirika, na maneno hayo yakawa miongoni mwa hoja za kumng'oa. Lakini jamani, hesabu hiyo si ndiyo iliyomweka pale? Alisema kwa sauti kile ambacho wengine walikipanga wakiwa wamefunga milango. Oktoba 8, 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumbandua, na Oktoba 17 Seneti ikamtia hatiani kwa makosa 5 kati ya 11.

Kilichofuata kiliniuma zaidi. Kesho yake asubuhi Kindiki akapendekezwa, na siku hiyo hiyo wabunge 236 wakampitisha. Huyu ni profesa wa sheria, amekuwa seneta na waziri wa usalama wa ndani; huenda angejibu vizuri kila swali ambalo angeulizwa. Hakupata nafasi ya kuulizwa, wala sisi hatukupata nafasi ya kumsikia akijibu. Katiba inawapa wabunge siku 60. Wao walitumia moja.

Upande wa Raila Odinga, mpinzani wa Ruto, ulijaribu njia tofauti ya kumpata mgombea mwenza mwaka ule wa 2022. Liliundwa jopo, watu wakaitwa na kuhojiwa. Nililipenda wazo hilo, na nilifurahi sana Martha Karua alipotajwa, kwa sababu ni mwanamke ambaye msimamo wake unajulikana tangu miaka ya mwanzo ya kudai vyama vingi. Ila mahojiano yenyewe yalifanyika faraghani, na siku ya kura hata Kirinyaga kwao walimchagua Ruto. Yaani hata ile hesabu ya kapu la kura, ambayo tunaambiwa ndiyo busara ya siasa, haina uhakika.

Najua nitaambiwa nchi yetu ina makabila zaidi ya 40, na kwamba tiketi ya watu wawili wa sehemu moja ingewaacha wengine nje. Nakubali kabisa, na baada ya damu iliyomwagika 2007 na 2008 singependa hata kubishana. Tanzania wameliandika katika katiba: rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke wa pili. Samia Suluhu Hassan aliingia kwenye tiketi ya 2015 akitokea Zanzibar, na Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha Magufuli kutangazwa, akaapishwa kuwa rais. Eneo linaweza kupunguza orodha. Likishapunguza, bado kuna kazi ya kumpima mtu aliyebaki.

Mwaka 2022 tuliwaona Gachagua na Karua wakijibizana usiku mmoja tu, Julai 19, zikiwa zimesalia wiki tatu tupige kura. Mwaka 2027 nataka wagombea wenza watajwe mapema, na kila mmoja asimame mbele yetu bila bosi wake kando. Aseme ameendesha nini maishani mwake na kikawaje. Aseme atafanya nini siku atakayotofautiana na rais, maana Ruto mwenyewe alikuwa naibu aliyekosana na Rais Uhuru Kenyatta, kisha naye akakosana na naibu wake. Na aulizwe lile swali la mama, waziwazi, kamera zikiwa zimewashwa: leo usiku kiti kikibaki wazi, kesho asubuhi utaanza na nini?

Mama ameshaniambia kwamba asiyelijibu hilo hatapata kura yake, hata kama ni wa kwetu.